Kalamu na Macho ya Watu

Mtu hazaliwi na hofu ya kusemwa; huifundishwa. Mtoto husema alionalo mpaka siku anapokanywa mbele ya wageni, na tangu siku hiyo hujua kuwa yako maneno ya chumbani na maneno ya barazani. Mafunzo haya yana faida, kwa kuwa bila ya staha watu hawawezi kukaa pamoja. Lakini mtu huyo akishika kalamu, staha ileile aghalabu hugeuka ikawa mlinzi asimamaye mlangoni mwa fikira zake, akilihoji kila neno litakalo kutoka: Watu watasemaje? Jambo linalompasa mwandishi ni kuamua kama mlinzi huyu ni wa kutiiwa, wa kufukuzwa, au wa kupewa kazi nyingine.

Achukuliwe kwa mfano mwandishi kijana wa Mbagala, katika Temeke, kusini mwa Dar es Salaam, kandokando ya barabara iendayo Kilwa. Sifa ya mahali pake humtangulia kila aendako: wasiokaa huko hupaita uswahilini, na wengine hulitamka neno hilo kwa kubetua midomo. Kijana huyu huvutwa na namna mbili za uongo. Uongo wa kwanza ni kuficha. Hadithi zake zote hutokea Masaki au Oysterbay, katika nyumba za bustani ambazo hakupata kulala hata usiku mmoja. Uongo wa pili ni kutia chumvi. Hutambua kuwa wako wasomaji wa mbali wapendao kuusoma ufukara wa wenzao, akawapikia dhiki ya kuwaliza, kana kwamba Mbagala hapana mtu achekaye, asomaye kitabu, wala alipaye deni lake kwa wakati. Namna hizi mbili huonekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza aogopa kudharauliwa; wa pili aogopa kutosikilizwa. Wote wawili wamewakabidhi watu wengine kalamu zao.

Tarehe 29 Aprili, 2009, maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, maelfu walikimbia makwao, na nyumba nyingi ziliharibika. Hayo magazeti yaliyaandika. Lakini yako mambo ambayo gazeti haliyafikii. Yamkini yuko mtu aliyekimbia akamwacha mgonjwa kitandani, akarudi jioni akamkuta mzima, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuweza tena kutazamana machoni. Mwandishi mwenye kuficha hataligusa jambo kama hilo, maana majirani watanuna. Mwandishi mwenye kutia chumvi atamgeuza aliyekimbia kuwa mnyama. Mwandishi mkweli ataanza na swali zito zaidi: Miguu yake mwenyewe ingalikwenda wapi siku ile? Akiisha kujijibu bila ya kujipendelea, amepata haki ya kuandika. Jina la jirani atalisitiri, lakini aibu yenyewe hataisitiri, kwa kuwa si ya jirani peke yake. Ni ya wanadamu. Mficha uchi hazai, na kalamu ifichayo udhaifu wa mwanadamu haizai kitu kitakachoishi.

Aliyelipia gharama ya neno hili ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeishi kati ya 1944 na 2020. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilimwonyesha msichana aliyelelewa na baba mkali kwa hofu tupu. Alipokuwa mbali na ukali huo, hakuwa na kitu ndani yake cha kumshika, akaangamia. Uwazi wa kitabu juu ya mambo ya mwili uliwaudhi wengi, na kwa muda kilizuiwa mashuleni. Baadaye kikaja kusomeshwa huko huko. Mwenye kutafakari ataona ajabu ya mambo: kitabu kilichoonya kuwa hofu hailei tabia njema kilijibiwa na hofu.

Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Wako washairi waliosema kuwa hayo si mashairi kabisa. Wapinzani hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na urithi wa karne nyingi mikononi, na Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha andika sheria za utungaji katika kitabu cha mwaka 1954. Mwenye kulinda urithi ana haki ya kumwuliza mgeni atokako. Lakini Kezilahabi hakuwa mgeni. Fasihi ya Kiswahili aliisomea na kuifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi za Shaaban Robert alizichunguza kwa bidii ya mwanafunzi. Aliacha kanuni alizozijua, na hapo ndipo ujasiri hupambanuka na uvivu. Avunjaye asichokijua hakuonyesha uhuru wowote.

Kwa hiyo wamekosea pia wale wadhanio kuwa kila ufidhuli ni ukweli. Mtu aweza kuwavua wenzake nguo hadharani, naye mwenyewe amevaa joho. Huyo hakushinda hofu. Ameihamishia kwa wengine. Hofu na heshima hufanana kwa sura, kwani zote mbili humfanya mtu asite kabla ya kuandika. Hutofautiana kwa kile kinachoangaliwa. Hofu huangalia jina la mwandishi. Heshima huangalia haki ya anayeandikwa.

Basi mlinzi wa mlangoni asifukuzwe, bali abadilishiwe swali. Aache kuuliza watu watasemaje, aulize kama watu hao wametendewa haki. Kijana wa Mbagala akiweza kulijibu swali hilo la pili, la kwanza litajijibu lenyewe kwa wakati wake. Na lisipojibiwa yeye akiwa hai, ukurasa wake utabaki kuwa wake. Sifa ya watu ni mkopo, nao hudaiwa. Neno la kweli ni mali ya aliyelisema.