Mashini Inapoitwa Kutoa Ushahidi juu ya Mila

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusifu mambo ya wazee wetu, na ni haki. Lakini kuna swali ambalo vijana wa sekondari wanatuuliza, na hatuwezi kulikimbia: je, tiba ya jadi inahitaji kuthibitishwa na mashini ili iheshimiwe? Na tena, je, kila mashini ni shahidi wa kweli?

Tuanze na ya kwetu. Toka milima ya Mulenge mpaka kando ya ziwa, kuumika kunajulikana. Mzee anachukua pembe ya ng'ombe yenye tundu kwenye ncha, anachanja ngozi kidogo, anaweka pembe, anafyonza hewa kwa kinywa, kisha anaziba tundu kwa nta. Kwa Kinyamulenge kazi hiyo inaitwa kurumika. Haifanywi mahali popote tu: kila ugonjwa una mahali pake pa mwili, na mahali hapo panajulikana kwa mwenye kazi. Ukimuuliza mzee kwa nini hapa na si pale, hatakutajia umeme wala mishipa ya fahamu. Atakuambia kwamba hapa ndipo alipooneshwa na yule aliyemfundisha.

Wachina nao wana ramani yao ya mwili, yenye mahali 361 pa kuchoma sindano nyembamba, na njia zinazounganisha mahali hapo. Tiba hiyo si ngeni Afrika: Uchina ilianza kutuma vikundi vya madaktari Algeria mwaka 1963 na Zanzibar mwaka 1964. Wachina walifanya kama wazee wetu, walipokea na kurithisha. Lakini katika karne ya 20 watu walitaka kuona kama mahali hapo pako kweli. Mwaka 1950, huko Japani, daktari Yoshio Nakatani alisema kwamba mahali fulani pa ngozi umeme hupita kwa urahisi kuliko pembeni yake, na kwamba mahali hapo panafuata njia za Wachina. Katika miaka hiyo ya 1950, Reinhold Voll wa Ujerumani alitengeneza mashini yenye kipimo toka 0 mpaka 100. Kwa maoni yake, mshale ukisimama kwenye 50, kiungo kiko sawa. Ukipanda au kushuka, kuna shida.

Habari hiyo inafurahisha. Nani asingependa kuona mashini inakubaliana na babu? Lakini hapa ndipo mwalimu wa fizika lazima aseme neno. Chukueni omita ya kawaida, mwanafunzi mmoja ashike ncha zake kwa vidole vikavu. Halafu alowanishe vidole: hesabu inashuka mara moja. Akibana kwa nguvu, inashuka tena. Hata woga unaibadilisha, kwa sababu woga unaleta jasho, na jasho lina chumvi inayopitisha umeme. Basi aliyeshika ncha ya mashini, akibana zaidi mahali anapotazamia jibu, atalipata jibu lake bila hata kukusudia kudanganya.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikusanya uchunguzi wa namna hii uliokuwa umeandikwa. Uchunguzi 9 ulihusu mahali pa sindano penyewe: 5 ulikubali kwamba pana umeme wa pekee, 4 haukukubali. Tena mwingi ulikuwa na watu wachache na haukufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi. Huko Uingereza, mwaka 2001, walijaribu mashini moja ya ukoo wa ile ya Voll kwa watu 30, nusu yao wenye mzio na nusu wasio nao. Mpimaji hakujua nani ni nani. Baada ya vipimo zaidi ya 1500, mashini haikuweza kutofautisha wagonjwa na wazima.

Mtu atasema: hayo ni ya mbali, yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Katika miji yetu ya Maziwa Makuu wanapita watu wenye kompyuta ndogo na kifimbo cha chuma. Unashika kifimbo kwa dakika chache, karatasi zinatoka: ini iko na mafuta, figo zimechoka, damu iko nzito. Na dawa ya yote hayo iko palepale, katika mfuko wa yule yule aliyekupima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzazi anatoa franga za masomo ya mtoto, anarudi nyumbani na makopo matatu. Na aliye mgonjwa kweli anachelewa kufika lopitali, sababu karatasi ilimwambia kwamba moyo wake uko sawa.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa la biashara hiyo ni kwamba inaiba heshima mbili kwa pamoja. Inaiba heshima ya sayansi kwa kuvaa koti jeupe bila kukubali kujaribiwa. Inaiba pia heshima ya jadi, kwa kusema "hii ni hekima ya kale ya Asia". Mzee wa pembe hakudai umeme, basi umeme ukikosekana hakuwa mwongo. Mwenye kifimbo anadai umeme; basi tunayo haki ya kumuuliza juu ya umeme huo.

Je, hii inamaanisha kwamba mzee asiulizwe kitu? Hapana. Naye aulizwe juu ya lile analolidai, yaani kwamba maumivu yanapungua. Ujerumani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2007, wagonjwa 1162 wa mgongo waligawanywa makundi matatu. Waliochomwa sindano kwa kufuata ramani ya Wachina, karibu 48 kwa 100 walipata nafuu. Waliochomwa juu juu mahali pasipo pa ramani, 44 kwa 100. Waliopewa matibabu ya kawaida, 27. Matokeo hayo yanamnyenyekeza kila mmoja: nafuu ilikuwapo, lakini ramani haikuonekana kuwa ndiyo sababu. Pengine mkono unaogusa, muda wa kumsikiliza mgonjwa, na tumaini lake mwenyewe, vina kazi kubwa kuliko tulivyofikiri. Hayo wazee wetu waliyajua vizuri, na lopitali zetu zimeanza kuyasahau.

Pia mzee aulizwe juu ya wembe. Wembe mmoja kwa watu wawili unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kumwambia hivyo si kudharau mila. Ni kuilinda isije ikaua watoto wake.

Wasomi wa hapa Uvira wanao mfano mzuri karibu nao. Watafiti wa kituo cha hydrobiolojia, CRH, wanapima maji ya ziwa kwa subira, mwaka baada ya mwaka, na wanaandika wanachokiona, kiwe kinapendeza au hapana. Uchunguzi wa mwaka 2003 ulipoonesha kwamba Tanganyika linapata joto, habari hiyo haikumfurahisha mtu. Lakini ndiyo maana inaaminika.

Basi tuseme hivi kwa vijana wetu. Mila haiombi ruhusa ya mashini ili ipendwe. Lakini siku tunapoiita mashini itoe ushahidi, tukubali ushahidi wake wote, hata ule usiotupendeza. Anayemleta shahidi barazani na kumziba kinywa akianza kusema tofauti, huyo hatafuti kweli, anatafuta kushinda. Na katika mambo ya ugonjwa, ushindi wa namna hiyo analipa mwingine, yule aliyelala kitandani.