Mnyama wa Porini Aingiapo Uani

Mnyama wa porini anayeingia katika makazi ya watu huzua maswali mawili. La kwanza ni la usalama, na hujibiwa papo hapo kwa rungu, kwa panga au kwa kufunga mlango. La pili ni la imani na falsafa, na hubaki hata baada ya mnyama kuondoka au kufa: yule aliyeingia alikuwa nani kwa mwenye nyumba? Mgeni wa kawaida hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Nyoka hapigi hodi. Ndiyo maana mila, dini na sheria zimelazimika kumtafutia nafasi nyingine, na huko Songea nafasi hizo zote zinakaa pamoja katika mtaa mmoja, mara nyingine katika ukoo mmoja.

Mji wa Songea, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, uko karibu na milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia, na bustani ya wanyamapori ya Luhira imo ndani ya manispaa. Wanaoingia uani ni wa kila namna: ngedere kwenye mahindi, nguchiro kwenye banda la kuku, kifutu aliyejikunja chini ya rundo la kuni, bundi juu ya bati. Upande wa mashariki, katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, anaweza kufika tembo au simba, kwa kuwa huko ndiko unakopita ushoroba unaounganisha mapori ya Selous na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Ushoroba, kwa maana yake ya asili, ni njia nyembamba ipitayo baina ya vyumba au nyumba. Kuliita pori kwa jina hilo ni kukiri kwamba tembo naye ana nyumba yake, na kwamba shamba lililofunguliwa kwenye njia hiyo limekaa katikati ya nyumba ya mwingine. Nani basi amemtembelea nani? Swali hili lapasa kutangulia mengine, ingawa mara nyingi huulizwa mwisho, mahindi yakishalala chini.

Jibu la kale ni kwamba mnyama ametumwa. Wangoni, na majirani zao Wamatengo, huwaita mahoka wazee waliokufa ambao bado wanawaangalia walio hai. Wakuu wa Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakikimbia vita vya enzi za mfalme Shaka wa Wazulu, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake baadhi ya makundi yakafika nchi ya Songea. Kwa Wazulu, ndugu zao waliobaki kusini, mmisionari Henry Callaway aliandika mnamo 1870 kwamba nyoka wa aina fulani akiingia nyumbani hakupigwa, kwa sababu aliaminiwa kuwa ni marehemu wa nyumba hiyo. Alitambuliwa kwa mwenendo wake. Nyoka wa kawaida hukimbia au hushambulia. Huyu aliingia taratibu na kutulia. Akiwa na kovu ubavuni, watu walikumbuka nani katika ukoo alikuwa na kovu mahali hapo. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo na bado akaona ilimtaka nini mwenye nyumba: asimame, atazame, akumbuke wafu wake kabla ya kuinua fimbo.

Kusini mwa Tanzania, mjumbe wa namna hiyo ameingia hata katika historia ya taifa. Masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba, mnamo 1904, nyoka mkubwa asiyepata kuonekana alifika kwenye nyumba ya mzee mmoja karibu na Ngarambe, watu wakaitwa kumtazama, kisha akatoweka. Baada ya hapo mganga Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo na kuanza kugawa maji ya dawa. Dawa hiyo ilifika Ungoni mwaka 1905, pamoja na vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni, na mmoja wao, nduna Songea Mbano, ndiye aliyeuachia mji jina lake.

Lakini ujumbe huhitaji msomaji, na msomaji anaweza kukosea vibaya. Bundi akilia juu ya paa husemwa ameleta msiba. Simba akirudi mara ya pili kijijini husemwa ni wa kutumwa. Katika miaka ya 1930 na 1940, simba wala watu walipoisumbua Njombe, jirani ya Ruvuma, wengi waliamini mganga ndiye aliyewaongoza. Elimu ya wanyama ina maelezo mengine. Bundi hufuata panya, na panya hufuata mahindi yaliyowekwa ndani. Nguruwe mwitu hufuata mahindi yaliyoko shambani, na simba humfuata nguruwe. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi wao kusini na hasa nyakati za mavuno, pale wakulima wanapolala mashambani kuwafukuza nguruwe.

Maelezo hayo hayamalizi swali la mfiwa. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Waazande mwaka 1937, alieleza kwamba watu hao walijua vizuri kuwa mchwa ndio walioangusha ghala. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Mama aliyeondokewa na mtoto anauliza hivyo hivyo, na ana haki ya kuuliza. Haki hiyo inakoma pale jibu linapokuwa jina la jirani, kwa kawaida kikongwe asiye na wa kumtetea. Hapo mnyama amegeuzwa shahidi wa uongo, na damu inayomwagika haikumwagwa na simba.

Uislamu unamkabili mnyama aingiaye nyumbani kwa hukumu mahususi. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya kijana aliyeoa karibuni, wakati wa vita vya Handaki, aliyerudi nyumbani akamkuta nyoka kitandani. Akamchoma mkuki, na wote wawili wakafa bila kujulikana nani alitangulia. Mtume akaelekeza kwamba nyoka wa nyumbani waonywe kwa siku tatu kabla ya kuuawa, kwa kuwa huenda kati yao wamo majini waliosilimu. Hukumu hii haikuachwa bila mipaka. Nyoka wa aina mbili wenye madhara makubwa walitengwa, wauawe bila onyo, na wanazuoni wametofautiana kama onyo ni la Madina peke yake au la kila mahali. Mwenye nyumba anayeogopea watoto wake haambiwi angoje. Anachotakiwa ni kujua aina: koboko hapewi siku tatu, ila si kila kitambaacho ni koboko.

Upande wa Ukristo, jirani wa karibu ni abasia ya Peramiho, magharibi ya mji, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo, lakini inawazungumzia watu. Kwa wanyama, Biblia ina mahali panapofaa zaidi, nayo ni Zaburi ya 104. Humo Mungu amegawa saa: usiku ni wa wanyama wa mwituni, na simba huomba chakula chao kwake, jua likichomoza wao hurudi mapangoni, na mwanadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Kila mmoja ana zamu yake, na chakula cha simba kimo katika mpango uleule wa mkate wa mtu.

Dungu ni mahali ambapo mpango huo unavunjika. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, chenye ngazi, moto mdogo chini yake na debe la kupiga. Anayelala humo analinda chakula cha mwaka mzima, lakini amekaa katika saa za simba. Hakuna dini iwezayo kumlaumu kwa kuwako hapo. Alichonacho cha kuwalisha watoto ni mahindi hayo tu.

Hapa sheria ya nchi inaingia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa majeraha na kifo. Maneno yamechaguliwa kwa uangalifu. Fidia hukiri deni. Kifuta machozi ni pole. Ng'ombe wa jirani akila mahindi, jirani hulipa, lakini tembo akila, taifa linatoa mkono wa pole. Hoja ya upande wa serikali ina nguvu, kwa sababu hakuna aliyempeleka tembo shambani. Hata hivyo faida ya tembo huenda mbali, kwenye utalii na fedha za kigeni, na hasara hubaki Namtumbo. Anayemiliki kwa niaba ya wote hawezi kuacha mzigo kwa wachache akauita bahati mbaya.

Siafu hawamo katika kanuni yoyote kati ya hizi. Wakifika usiku, hakuna anayewaonya wala kuuliza nani kawatuma. Watoto huamshwa na kubebwa, mbuzi hufunguliwa kamba, mlango huachwa wazi, na familia hulala kwa jirani. Asubuhi nyumba haina mende wala panya, na kuku aliyesahauliwa akiatamia nyuma ya mlango amebaki manyoya.