Kufunga kwa ajili ya nani?

Mungu ndiye aliyeumba mwili wa binadamu, akaona kwamba kazi yake ni njema. Hata hivyo vijana wengi huutazama mwili wao kwa huzuni, kwa sababu ya ulimi wa wenzao. Sikilizeni mfano huu.

Katika kijiji kimoja aliishi msichana mkatekumeni wa miaka 14. Siku moja wenzake walimwona akioga mtoni, wakamcheka: «Tazameni, ni mnene kama mtungi!» Tangu hapo akaanza kukataa chakula. Kwa kuwa Kwaresima ilikuwa imefika, kila alipoitwa kula alijibu: «Ninafunga kwa ajili ya ubatizo wangu.» Watu wakamsifu. Lakini asubuhi moja, alipokuwa akipanda kilima na maji kichwani, alianguka, akazimia.

Mama aliyechaguliwa kumsimamia katika ubatizo akaketi karibu naye, akamwuliza: «Mwanangu, wafunga kwa ajili ya nani?» Msichana akalia, akajibu: «Mama, kwa ajili ya wale walionicheka.»

Kufunga ni tendo takatifu, lakini hufanywa kwa kumpenda Mungu, si kwa kuuchukia mwili. Tena Ekleziya ni mama mwenye busara. Sheria yake ya mwaka 1983 huwaagiza kufunga Wakristu waliotimiza miaka 18, hata waanzapo mwaka wao wa 60. Haikuwatwika watoto wanaokua mzigo wa njaa.

Maana wakati wa kubalehe mwili wa msichana huongeza mafuta, na nyonga zake hupanuka. Mvulana naye huenda akarefuka upesi kabla ya kupata nguvu za misuli, akaonekana mwembamba. Hayo si magonjwa wala aibu. Kila mmoja ana majira yake. Mwili unaokua hudai chakula. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi: uliwe pamoja na maharagi, karanga, ndagaa, sombe na matunda. Msichana aliyeanza kupata hedhi huhitaji zaidi chakula cha kuongeza damu.

Lakini kijana akikonda upesi, au akinenepa kupita kiasi, au miguu yake ikivimba, apelekwe zahanati. Huko uzito wake utalinganishwa na urefu na umri wake, si na umbo la jirani. Uvimbe wa miguu usidhaniwe kuwa unono. Mara nyingine ni alama ya kukosa chakula kinachofaa.

Kumbukeni Samweli nyumbani kwa Yese. Alipomwona Eliabu, kijana mrefu wa sura nzuri, alidhani ndiye mfalme. Mungu akamkataza, akamchagua Daudi, mdogo wa wote, aliyekuwa malishoni na kondoo. Zakayo naye alikuwa mfupi, lakini Yezu aliingia nyumbani mwake.

Jioni ile msichana alikula sahani moja na yule mama, naye akaanza kupata nguvu. Kufunga kwake kukageuka: badala ya chakula, akajinyima chuki juu ya wale waliomcheka.

Basi, anayecheka umbo la mwenzake humdharau Fundi aliyelitengeneza. Kabla ya sala ya usiku kila mkatekumeni ajiulize: «Nimemcheka nani?» Kesho amwendee, amwombe radhi.