Utii wa Mbwa na Tonge la Nyama

Miongoni mwa masuala ambayo wanavyuoni wa dini na wa falsafa wameyarudia kwa zama nyingi pasipo kuyamaliza, limo hili: kiumbe anayetii kwa kutaraji kupewa kitu, je, ametii kweli, au amefanya biashara tu? Kwa kawaida suala hili huulizwa juu ya mwanadamu na ibada yake, na hapo hukumbukwa Rabia al-Adawiyya wa Basra, yule mcha Mungu wa karne ya pili ya Hijra, ambaye habari zake zimetufikia kwamba aliona haya kumwabudu Mola wake kwa kuogopa moto au kwa kutamani pepo. Mimi napenda kuliteremsha suala hili hadi uani, alipo mbwa, kwa kuwa huko nia hazifunikwi na maneno, na kwa kuwa kila anayemfunza mbwa wake kwa vipande vya nyama na vichezeo hukutana nalo kila siku, ajue asijue.

Namna yenyewe ni hii. Mtu huchemsha maini, akayakausha kidogo, akayakata vipande visivyozidi ukubwa wa punje ya mbaazi, akaweka kando dagaa wakavu na kiazi kitamu, kisha akamjaribu mbwa ajue kipi kinachomvuta. Hushika viwili, kimoja katika kila ngumi, akatazama pua inaelekea wapi. Akarudia kwa kubadilisha mikono, maana wako mbwa wanaopenda upande na si chakula. Tonge huwa dogo ili somo liendelee kabla tumbo halijashiba, na hutolewa papo hapo, kwani ukichelewa hata mbwa aliyeamriwa kukaa akawa amekwisha kuinuka, utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Kichezeo cha mpira hubonyezwa kwa ukucha kabla hajapewa: kisipobonyea hata kidogo chaweza kumvunja jino, na kikinyofoka upesi, kipande chaweza kumziba utumbo. Chokoleti, zabibu na vitunguu haviwi bakshishi kamwe, kwa kuwa ni sumu kwake. Na kwetu sisi wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, mbwa hukaa nje, tonge hurushwa, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wala sioni kwamba masharti hayo yampunguzia mbwa haki yake ya kufunzwa kwa upole.

Wako watakaosema kwamba katika yote haya hamna utii wala mapenzi. Mwanafalsafa Descartes aliwahesabu wanyama kuwa ni mitambo, na baada yake alikuja Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, akaonyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa ishara tu iliyozoea kutangulia chakula, kabla chakula chenyewe hakijafika. Basi mbwa anayekaa kwa ajili ya ini, watasema, ni mate yaliyojifunza kukaa. Hoja hii si nyepesi, wala haijibiwi kwa kumsifu mbwa. Ni kweli kwamba mwaka 2016 Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, huko Marekani, waliowazoeza mbwa kutulia ndani ya mashine ya kupigia picha ubongo, walieleza kwamba katika mbwa 15, walio wengi akili zao ziliitikia sifa ya bwana wao sawa na zilivyoitikia chakula, au zaidi. Lakini mbishi atauliza: na sifa hiyo, mbwa alijifunza kuipenda kwa njia gani kama si kwa mkono uliomlisha?

Kwangu mimi, jawabu lililo madhubuti zaidi limo katika sheria ya kuwinda. Katika Sura ya Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa, na akaunasibisha ufundi wa kuwafunza na elimu aliyowapa wanadamu Yeye mwenyewe, jambo ambalo lafaa limtie adabu kila anayedhani kumfunza mbwa ni kazi duni. Kisha sahaba Adi bin Hatim alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, alifahamishwa kwamba mbwa akila katika alichokamata, nyama ile isiliwe, kwa kuwa inahofiwa amejikamatia nafsi yake. Mafakihi wakaendelea kulipima jambo hili: Wamaliki wakalegeza, na miongoni mwa Wahanafi wakawapo waliotaka mbwa aache kula mara tatu ndipo aitwe aliyefunzwa. Tazama walichokiuliza na walichokiacha. Hawakuuliza mbwa anapenda nini moyoni, wala hawakumkataa kwa kuwa alifunzwa kwa nyama. Waliuliza kama anajizuia wakati nyama imo kinywani mwake na bwana yuko mbali. Sheria haikumdai mbwa ikhlasi, ilimdai kujizuia, na kujizuia hakununuliwi kwa tonge wakati tonge kubwa kuliko yote limekwisha kupatikana.

Imamu Ghazali aliiona vizuri njia hii ya kutoka ulafi hadi kujizuia. Katika kitabu chake Ihyaa, alipotaka kuthibitisha kwamba tabia zabadilika, alimtaja mbwa anayetolewa katika ulafi akafikishwa kwenye adabu ya kushika na kuacha. Na alitaja pia mtoto anayevutwa kwenda chuoni kwa ahadi ya kucheza mpira, kabla hajaifahamu ladha ya elimu yenyewe. Hakuna aliyemlaumu mtoto yule kwa kuanzia kwenye mpira, na sioni kwa nini alaumiwe mbwa kwa kuanzia kwenye ini.

Lawama iko kwingine. Abu Dawud amepokea habari ya mama aliyemwita mwanawe kwa kumwambia njoo nikupe, na Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, aliambiwa kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Naamini hukumu hii yamfikia mbwa. Kumpunguzia bakshishi kidogo kidogo, leo apewe na kesho asipewe, si uongo, kwa sababu hakuahidiwa. Ni desturi ya wafunzaji wengi, na huimarisha mazoea. Bali kumwonyesha ngumi iliyofumbwa ilhali ndani hamna kitu, au kujifanya umerusha mpira kumbe umeuficha mgongoni, ili watu wacheke anavyohangaika majanini, huo ni uongo kamili anaotendewa asiyeweza kuusuta, nami nauchukia.

Yapo bado mambo ya kamba, ambayo wengi huyapita kwa kuwa hayana chakula. Mpe mbwa ncha moja ya kamba nene yenye mafundo, ushike ya pili, mvutane. Kisha umwachilie ashinde. Angekuwa anataka kamba, angekwenda nayo. Mara nyingi huzunguka uwanja mara moja, kichwa juu, akarudi kuibwaga miguuni mwako, akaisukuma kwa pua mpaka uishike tena. Hapo ujira umekwisha kulipwa na kazi imeanzishwa upya na mlipwaji mwenyewe. Na sijaona katika vitabu vya wale wa mate na mitambo maelezo ya kitendo hicho yaliyoniridhisha. Wapo mbwa wasiotaka kuvutana, hasa waliopata kupigwa udogoni, ambao hurudi nyuma waonapo mkono umeshika kitu. Hao wasilazimishwe, warushiwe maini yao kwa mbali, na kamba iachwe chini, mpaka watakapoiendea wenyewe.