Ua la Nyumbani na Jasho la Mchota Maji

Ndugu msomaji, liko swali ambalo kwa juu laonekana dogo, nalo ni hili: Je, yafaa mtu kupanda maua ya kupamba uani mwake, mimea isiyoliwa wala isiyotibu, hali maji yenyewe ni ya kutafutwa?

Kwetu Mpanda swali hili si la mzaha. Mvua huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili, kisha ni jua tupu kwa miezi mingi. Ifikapo Septemba nyasi zimekauka, na huko katika Hifadhi ya Katavi viboko husongamana katika madimbwi ya matope yaliyosalia ya Mto Katuma. Kila kiumbe hutafuta tone lake. Katika wakati kama huo, mwenye kumimina ndoo nzima kwenye shina la waridi ana jambo la kujibu.

Wako wasemao kwamba ua ni anasa tu, na kwamba mwenye akili hupanda mchicha. Hawa wamechukua nusu ya haki wakaacha nusu. Mwenyezi Mungu anapotukumbusha neema ya mvua katika Sura ya An-Naml, hataji chakula peke yake, bali anataja bustani zenye kupendeza. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kupanda hupata thawabu ya sadaka kwa kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama. Basi nyuki je? Sisi tunaoijua asali ya Inyonga, twawezaje kusema kwamba ua halimlishi yeyote?

Kwa hiyo kupenda uzuri si kosa. Kosa laweza kuingia mlango mwingine. Hebu tumtazame mwenye nyumba aliyepanda mawaridi mengi wakati wa masika, maji yakiwa tele. Kiangazi kikaja, bomba likakauka. Yeye hakupunguza maua yake, bali alimwongezea safari binti anayemchotea maji. Asubuhi binti ana ndoo kichwani, jioni ana ndoo kichwani, na shuleni amechelewa. Wageni wakipita husifu bustani, wala hapana amwonaye binti. Ua ni halali, ndugu yangu, lakini limenyweshwa dhuluma.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kuchagua mmea ni kufunga ahadi. Unapouchomeka ardhini umeahidi kuutunza, nao hautajua kwamba leo kisima kimekauka. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, yafaa tupime mambo matatu.

Kwanza, nchi uliyomo. Usichague ua kwa sababu umeliona katika picha ya nchi ya mvua. Mtazame bogenvilia: asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini amezoea jua letu. Akishashika mizizi huvumilia kiu, na ukimzidishia maji hukupa majani mengi na maua machache. Mshubiri nao huhifadhi maji ndani ya majani yake mazito. Mimea ya namna hii haimtumikishi mtu. Ipande mvua zinapoanza, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi.

Pili, maji yenyewe. Kufanya israfu kumekatazwa hata katika udhu, na hata kwa aliye kando ya mto unaopita; sembuse kwa maua! Lakini maji yaliyokwisha kutumika mara moja yaweza kutumika tena. Yaliyoosha mchele na mboga, na yale ya udhu, yaelekeze kwenye shina badala ya kuyaacha yapotelee njiani. Mwagilia asubuhi mapema au jua likizama, si adhuhuri. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usikimbie, ila usiyasogeze hadi kwenye shina, maana mchwa wetu hawahitaji kualikwa. Wala usiache maji yatuame chini ya makopo ya maua, mbu wakazaana.

Tatu, jirani yako. Sharia imetukataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara. Mnyaa ni ua mzuri wa kuzuia mbuzi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya. Usiupande kando ya njia wapitayo watoto. Olianda ina maua ya kuvutia, lakini ni sumu tangu jani hadi mzizi. Na kumbuka gugu maji: lilitolewa Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na kuwanyima wavuvi njia. Uzuri wa kidimbwi cha mtu mmoja ukawa msiba wa maelfu.

Liko na jambo la nne, nalo limo moyoni. Katika Sura ya Al-Kahf tunasimuliwa habari za mtu mwenye bustani mbili, na mto ukipita kati yake. Hakulaumiwa kwa kuwa na bustani. Alilaumiwa kwa kujitukuza mbele ya mwenzake na kudhani kwamba haitaangamia abadani. Anayepanda ili jirani ajione mnyonge amepanda kiburi, hata kama kinanukia kama asumini.

Basi, ewe msomaji, usiache kupanda. Ua moja kando ya mlango huliwaza jicho la mgonjwa na humfundisha mtoto kuwa mpole kwa kisichosema. Lakini panda kwa kadiri ya maji yako, na uyachote kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona kwamba ndoo hiyo ni nzito mno kwako, jua kwamba kwa binti yule ni nzito zaidi. Punguza maua, usimwongezee safari. Na ikiwa jirani hana maji ya kunywa, kata ya kwanza ni yake, ua lingoje.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuupenda uzuri bila ya kumwonea mtu. Wabillahi tawfiq.