Kitabu Chenye Jina Lake

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 12:2–5, 2 Wafalme 22:8–13, Neh. 8:1–8; Yer. 32:14, Yer. 36.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:8. Lisome kwa sauti katika Biblia yako mwenyewe.

Katika kanisa moja dogo kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Mbinga, kulikuwa na kasha la mbao stoo. Ndani yake mlikuwa na Biblia zilizochakaa, vitabu vya nyimbo visivyo na majalada, na lesoni za miaka mingi. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini na panya kwa juu. Ijumaa moja, siku ya maandalio, shemasi aliyekuwa akifanya usafi alilitoa kasha nje, akaliweka karibu na shimo la takataka na kwenda kutafuta kiberiti. Aliporudi alimkuta bibi mmoja wa kanisa ameketi mchangani mbele ya kasha, hataki kuondoka.

Kasha halikuchomwa jioni ile. Lakini Sabato iliyofuata washiriki walikuwa makundi mawili. Wengine walisema kuchoma Biblia ni dhambi, nao wakamtaja mfalme Yehoyakimu. Wengine walisema karatasi ni karatasi, na kuogopa kuichoma ni kuigeuza hirizi. Baada ya miezi miwili walikuwa hawasalimiani mlangoni. Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa nasimamia elimu ya kanisa na nina stashahada ya theolojia, niende nikawape jibu.

Nilifika nalo mfukoni. Nikasema: Wapendwa, Neno la Mungu haliungui, kinachoungua ni karatasi tu. Yule bibi, ambaye hajui kusoma, akaniuliza: “Kama ni karatasi tu, mwanangu, mbona ukihubiri unaiinua juu?”

Nilikaa chini. Juma hili tunajifunza swali lake.

JUMAPILI
Jina Ndani ya Kitabu

Soma Kumbukumbu la Torati 12:2–5. Waisraeli waliamriwa kufanya nini na majina ya miungu ya mataifa? Fungu la 4 linaongeza nini?

Mara nyingi tunalipita fungu la 4 haraka, kwa sababu fungu la 5 linaanza kueleza habari za mahali pa ibada. Walimu wa Kiyahudi walisimama hapo. Waliona kwamba Israeli wameagizwa kuvunja madhabahu, kuchoma maashera na kufuta majina ya miungu ile, kisha wakakatazwa kumtendea Bwana vivyo hivyo. Wakasema: Basi Jina lake likiisha kuandikwa, halifutwi.

Kutokana na shina hilo sheria nzima ikachipuka. Karatasi yenye Jina la Mungu haichanwi wala haichomwi. Moses Maimonides, mwalimu mkuu wa Wayahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliorodhesha majina saba ya Mungu ambayo yakiandikwa hayafutwi. Mwandishi wa gombo akiwa analiandika Jina, hata mfalme wa Israeli akimsalimu, haitikii. Gombo la Torati lina herufi 304,805 kwa hesabu yao, na ikikosekana moja, gombo hilo halisomwi mbele ya kusanyiko mpaka lirekebishwe.

Angalia kwamba heshima hiyo haitoki kwenye ngozi wala kwenye wino. Inatoka kwa Yule ambaye Jina lake limo.

JUMATATU
Sheria ya Watu Wenye Panya

Mwaka 1565 kilichapwa kitabu cha Yosef Karo kiitwacho Shulhan Aruk, ambacho Wayahudi wengi hukifuata mpaka leo. Humo, na katika vitabu vilivyokitangulia, mna maagizo mengi juu ya gombo la Torati. Halilazwi chini. Halirushwi. Likipitishwa, watu husimama. Vitabu vya Manabii haviwekwi juu ya Torati, bali Torati huweza kuwekwa juu ya Manabii. Msomaji hufuatisha mistari kwa kijiti chenye umbo la mkono, maana gombo haliguswi kwa mkono mtupu. Likianguka, ni desturi watu kufunga, hata walioona tu. Kitabu cha kawaida cha dini kikianguka, hukiokota na kukibusu.

Mtu haketi juu ya kitanda kilicholazwa gombo. Inasimuliwa kwamba Rabi Eliezeri aliketi kitandani, kisha akakumbuka kwamba gombo limo pale, akaruka kama mtu aliyeumwa na nyoka.

Lakini agizo lililonigusa kuliko yote ni la panya. Zamani watu walikuwa wakiweka nafaka iliyotengwa kwa ajili ya makuhani pamoja na magombo, wakisema hiki ni kitakatifu na kile ni kitakatifu, vikae pamoja. Panya walifuata nafaka, wakamaliza na gombo. Basi wazee wakaamua kwamba maandiko matakatifu yanatia mikono unajisi, na chakula kitakatifu kikigusana nayo hakifai tena. Ukilisikia hilo kwa mara ya kwanza linashangaza: Neno la Mungu linatiaje unajisi? Shabaha yake ilikuwa kuwatenganisha tu. Baada ya hapo, nani angehifadhi nafaka yake hapo?

Aliye na kihenge cha mahindi Umatengo, au gunia la usipa wakavu nyumbani kwake Mbamba Bay, hahitaji kuelezwa zaidi. Na wewe, Biblia yako inalala wapi?

Kuna jingine linalotuhusu sisi tunaoitunza Sabato. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inaruhusu maandiko matakatifu kuokolewa na moto siku ya Sabato. Tena inasema kwamba hata yakiwa yameandikwa kwa lugha yoyote ile, yakichakaa ni lazima yahifadhiwe. Kwa lugha yoyote! Biblia ya Kiswahili, ambayo tafsiri yake ya Union ilitoka mwaka 1952, na Biblia ya Kinyanja ya jirani zetu wa mwambao, zote zingeingia humo.

JUMANNE
Vitabu Vilivyochoka

Soma Yeremia 32:14. Hati ya shamba iliwekwa ndani ya nini, na kwa nini?

Gombo lililochakaa, kwa sheria ya Kiyahudi, hutiwa katika chombo cha udongo na kuzikwa karibu na kaburi la mwanafunzi wa Torati. Vitabu vingine hukusanywa kwanza mahali paitwapo geniza, yaani mahali pa kuficha. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, ambayo leo ni sehemu ya Kairo, chumba cha namna hiyo kilijazwa kwa karne nyingi. Mwaka 1896 Solomon Schechter alisafiri kwenda huko, akachukua shehena kubwa akaipeleka Cambridge; huko sasa kuna vipande zaidi ya 190,000. Kando ya Maandiko yalikutwa mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza kuandika, na barua za wafanyabiashara wa Aden na Bara Hindi, walioivuka bahari hii hii yetu. Watu wale hawakukusudia kutunza historia. Walikataa tu kutupa.

Sisi? Niliwahi kununua maandazi sokoni yakafungwa kwa ukurasa wa lesoni, fungu la kukariri likiwa juu. Maandazi niliyala. Ile karatasi nilirudi nayo nyumbani mfukoni, imelowa mafuta, nisijue la kuifanyia.

JUMATANO
Jirani Zetu wa Mbale

Wayahudi hawako mbali nasi kama tunavyodhani. Karibu na mji wa Mbale, Uganda, wako Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliisoma Biblia ya Kiganda kwa bidii, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaamua kuzishika sheria za Musa. Hakuletewa gombo kwanza. Alianza na Kitabu kilichotafsiriwa, katika lugha aliyoielewa. Wakati wa utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, na wachache waliendelea kwa siri. Leo wana masinagogi na magombo, na siku ya saba wanapumzika kama sisi.

ALHAMISI
Kasha Lafunguliwa

Linganisha Yeremia 36:20–32 na 2 Wafalme 22:8–13. Katika habari ya kwanza mfalme anakichoma kitabu. Katika ya pili hakuna aliyekichoma. Kimepotea ndani ya nyumba ya Bwana yenyewe. Ni watu gani waliokuwa hatarini zaidi?

Kule ziwani niliomba tulifungue kasha, tutoe kitabu kimoja kimoja. Tulikaa chini, makundi yote mawili. Kingo za Zaburi na Mathayo zilikuwa nyeusi kwa vidole. Baada ya hapo, kurasa safi. Katika Biblia kadhaa karatasi za Manabii zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Panya walikuwa wamefika Ezekieli kabla yetu. Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia bibi. Anayo Biblia ya marehemu mumewe, imefungwa kwa kanga, iko kichwani pa kitanda. Wajukuu hawaruhusiwi kuigusa, mikono yao ina usipa. Nikamuuliza: “Bibi, nani anakusomea?” Akasema tangu mzee afariki, hakuna. Isije ikachafuka.

Nikamweleza yale niliyokuwa nimesoma. Kwa sheria ya Wayahudi gombo la Torati haliuzwi, ila kwa mambo mawili: mtu apate kujifunza Torati, au apate kuoa. Yaani hata watu wanaofunga saumu gombo likianguka wanakubali liondoke mikononi mwao ili mtu ajifunze. Kisha tukasoma Nehemia 8. Ezra alipokifungua kitabu, watu walisimama. Ndiyo heshima. Lakini hawakuachwa wamesimama mbele ya kitabu kilichofungwa. Kilisomwa, wakaelezwa maana, wakaelewa.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Jioni alimtuma mjukuu wake anawe mikono.

Sikuwaambia kwamba kuchoma ni dhambi. Desturi za marabi si amri kwetu, na shemasi hakuwa Yehoyakimu. Alikuwa anasafisha stoo. Lakini nilirudisha mfukoni lile jibu langu la karatasi. Jumapili tulichimba shimo nyuma ya kanisa, mahali mvua haipiti. Shemasi ndiye aliyeshika jembe. Sikujua utaratibu wowote wa ibada ya namna hiyo, kwa hiyo tuliimba wimbo mmoja. Baadhi walisalimiana, si wote.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Ellen G. White, Manabii na Wafalme, sura zinazowahusu Yosia na Yeremia.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa lenu lina Biblia na lesoni zilizochakaa. Ziko wapi sasa hivi? Kabla ya kuamua la kuzifanyia, fungueni chache darasani mwone zilisomwa mpaka wapi.

2. Hirizi hutunzwa bila kusomwa. Jadilini tofauti iliyopo kati ya mtu anayeivaa na mtu anayeifunga Biblia kwa kanga miaka kumi.

3. Nyumbani kwako ni nani anayezuiwa kuigusa Biblia, na kwa sababu gani?