Mhariri Haulizi Bei ya Kamera Yako

Kijana wa Majengo, unasubiri nini? Umeshaulizia bei ya kamera mara ngapi ukaishia kusema "mwakani"? Habari za Dodoma hazitakungoja mwakani. Tangu serikali ilipohamia hapa, mji unabadilika machoni petu. Treni ya SGR ilizinduliwa rasmi Agosti 2024. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, akina mama wa Kigogo wanapiga muheme, na michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Majarida yanataka picha za mambo hayo. Usipozipiga picha hizo wewe, atatumwa mtu kutoka Dar es Salaam, alale hotelini siku mbili, apige, aondoke na malipo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie iliyokwishatumika, kamera ya kawaida kabisa. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha alizochukua Korem, Ethiopia, ziliifanya dunia iione njaa iliyokuwa ikiua watu huko. Alianza na kilichokuwepo, akakifanyia kazi.

Watu watakutisha kwa megapikseli. Piga hesabu mwenyewe. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli 8.7 hivi, kurasa mbili zinazotazamana, 17.4. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina 24, na Canon 700D ya 2013 ina 18. Wakati huohuo kampuni hizo mbili zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na wapiga picha wengi wanazifuata, wakiuza DSLR zao, yaani zile zenye kioo. Kuhama kwao ndiyo nafasi yako ya kununua iliyotumika.

Lakini hela yote usiimalizie kwenye bodi ya kamera. Bodi inazeeka, lenzi nzuri utaihamishia kwenye bodi nyingine. Ile ya 18-55 inayokuja na kamera, ukivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. Ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Tofauti utaiona Soko la Majengo, chini ya mabati na maturubai, mama anapopima mlenda mkavu kwa kikombe: kwa f/5.6 mkono unatoka ukungu, kwa f/1.8 unaona hadi unga ulioganda kwenye pete yake. Ukichagua Nikon D3200 au D5200, hakikisha lenzi ina mota yake, iliyoandikwa AF-S. Zile za zamani zisizo na mota itabidi uzifokasi kwa mkono.

Siku ya kununua usione haya. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, na lenzi zilizokaa kwenye unyevu wa pwani huipata sana. Weka f/16, piga anga tupu, kisha kuza picha kwenye skrini. Madoa meusi ni uchafu ulioingia ndani. Uliza shata imeshapiga picha ngapi. Za kamera za kuanzia hukadiriwa kuhimili 100,000 hivi, kwa hiyo iliyofika 80,000 ishushwe bei au iachwe. Muuzaji asiyetaka ukague, mwachie mali yake.

Kisha ingia kazini. Jua la Dodoma la saa sita mchana linajaza macho ya watu vivuli vyeusi; piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Upepo ukitimua vumbi usibadilishe lenzi barabarani: ingia dukani, zima kamera, elekeza mdomo wake chini. Sema kwanza, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini," ndipo uinue kamera. Andika jina lake na anachouza, maana picha isiyo na maelezo mhariri anaiweka pembeni. Mpelekee habari nzima: soko kwa upana, uso, mikono, bidhaa, na picha moja ya wima iliyoachwa nafasi juu kwa ajili ya jina la jarida. Hiyo ndiyo inayoweza kukupa jalada.

Malipo ya majarida huchelewa, kwa hiyo harusi, kipaimara na mahafali ya UDOM yakulipie kodi huku ukijenga jina. Tafuta ithibati ya uandishi wa habari inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Omba ruhusa kabla ya kupiga majengo ya serikali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha yako, basi kubalianeni kwa maandishi itatumika wapi na mara ngapi, kabla hujaituma.

Mhariri hataiona kamera yako, ataiona picha. Acha kuhesabu usichonacho. Nunua unayoimudu, na Jumamosi asubuhi uwe sokoni unapiga.